Mapatano Mawili ya Afrika ya Kusini



Katika mazungumzo yetu ya leo nataka tufikiri pamoja juu ya swali lililowasumbua watawala wengi. Wako watu duniani waaminio ya kuwa rangi yao imeumbwa kutawala, na watu wengine wote wameumbwa kuwatumikia. Je, yafaa Serikali ipatane na imani ya namna hii? Wengine husema yafaa, maana amani ni bora kuliko vita. Wengine husema haifai kabisa. Tuitazame Afrika ya Kusini, nchi iliyofanya mapatano mara mbili, na matunda yake yakawa mbalimbali.

Mwaka 1899 vita vilianza baina ya Waingereza na Makaburu. Vilikuwa vita vikali. Mashamba yalichomwa moto, na wanawake na watoto wa Makaburu wakakusanywa kambini, wakafa zaidi ya 20,000. Waafrika nao walitiwa katika kambi zao, wakafa zaidi ya 14,000. Hata tarehe 31 Mei, 1902, mkataba wa amani ukatiwa sahihi mjini Pretoria. Sharti la nane la mkataba ule lilisema ya kuwa shauri la kuwapa wenyeji haki ya kupiga kura halitakatwa mpaka baada ya majimbo yale ya Makaburu kupewa kujitawala. Maana yake ni nini? Maana yake, haki ya Mwafrika iliwekwa mikononi mwa watu wale wale waliokwisha kukataa ya kuwa yeye ni sawa nao.

Mwaka 1909 wajumbe walikwenda London kupinga jambo hili lisitiwe katika sheria ya Muungano. Miongoni mwao walikuwa John Tengo Jabavu, Walter Rubusana, Abdullah Abdurahman, na Mzungu mmoja, W. P. Schreiner, aliyepata kuwa Waziri Mkuu wa Cape. Hawakufanikiwa. Muungano ulianza mwaka 1910, na sheria yake ilisema ya kuwa mjumbe wa Bunge sharti awe wa asili ya Kizungu. Mwaka 1913 ikatoka Sheria ya Ardhi, iliyowaachia Waafrika kama sehemu 7 tu katika kila sehemu 100 za nchi. Mwaka 1948 chama cha National kikashinda uchaguzi, na ubaguzi ukafanywa msingi wa Serikali. Wazee husema, wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Lakini huku nyasi ziliumia hata tembo walipopatana.

Sasa tutazame mapatano ya pili. Mwaka 1993 Jenerali Constand Viljoen, aliyekuwa zamani mkuu wa majeshi, aliwaongoza Makaburu waliotaka nchi yao peke yao. Wengi walikuwa na silaha, na hofu ya vita ilikuwa kubwa. Nelson Mandela hakukataa kuonana naye. Walizungumza, na tarehe 23 Aprili, 1994, siku chache kabla ya uchaguzi, pakawa na mapatano ya kuwa shauri la Makaburu litazungumzwa kwa amani. Viljoen akaingia katika uchaguzi, na chama chake kikapata viti 9 katika Bunge la watu 400.

Angalieni alichopewa na alichonyimwa. Alipewa heshima na nafasi ya kusema, na lugha ya watu wake ikabaki miongoni mwa lugha 11 za Serikali. Lakini hakupewa kura nzito kuliko ya mwenziwe. Jenerali alikuwa na kura moja, na mpagazi wa bandarini kura moja. Kadhalika katika Tume ya Ukweli na Upatanisho, aliyetaka kusamehewa makosa yake ya siasa ilimpasa kwanza kuyasema yote. Wawili waliohukumiwa kwa kumwua Chris Hani waliomba, wakanyimwa.

Huenda mtu akasema, mapatano haya nayo yameacha deni. Ni kweli. Ardhi nyingi ilibaki mikononi mwa wachache, na jamaa za waliouawa waliwaona wauaji wakienda zao huru. Lakini aliye na kura aweza kudai deni lake Bungeni na mahakamani. Mwafrika wa mwaka 1902 katika majimbo yale hakuachiwa hata mlango wa kubisha.

Basi, Serikali ikisema inatafuta upatanisho, ulizeni maneno mawili: Ni nani alipaye gharama ya amani hii? Na je, yeye mwenyewe alikuwapo barazani iliposhauriwa? Mtu aliyepotea katika fikira zake aitwe, akaribishwe, apewe kiti kama wengine. Akitaka kiti cha mwenziwe pia, hapo Serikali sharti imwambie, Hapana, hata ikiwa amekuja na bunduki.