Usisaini neno lenye hauelewi: maongezi na vijana wa Mususa



Leo tuchukue maneno tano tu. Yanaandikwa kwa kifaransa kwenye karatasi za polisi na za parke, na kila siku yanatulipisha makuta na siku za kachot.

La kwanza: « convocation ». Ni mwaliko. Wanakuita uende kujieleza. Haiko ruhusa ya kukufunga pingu. Karatasi ya kukuleta kwa nguvu inaitwa « mandat d'amener », na inasainiwa na majistra. Angalia kichwa cha karatasi, saini na tarehe.

La pili: « garde à vue ». Hapa njo kachot. Katiba ya 2006, kifungu cha 18, inasema haipite masaa 48. Yakiisha, ao wanakuachilia, ao wanakupeleka mbele ya wenye mamlaka ya sheria. Tena lazima wakuambie mara moja sababu, kwa luga yenye unaelewa. Kiswahili ni luga ya taifa, usione haya kuomba. Na uko na haki ya kuita familia yako ao avoka palepale.

La tatu: PV. Ni maneno yako, lakini OPJ njo ameyaandika. Mimi nilisoma droit miaka mitano, diplome inalala nyumbani bila kazi. Siku niliingizwa kachot, nilisaini PV bila kuisoma, juu nilitaka kutoka tu. Kesho yake nikakuta nimekubali kitu sikusema. Ile saini ilinisumbua kuliko pingu. Omba wakusomee, omba warekebishe, kisha saini.

La ine: deni. Sisi wa Butembo tunaishi na biashara, tunakopeshana kila siku. Kifungu cha 61 cha Katiba kinakataza kufunga mtu juu ya deni. Njo maana mwenye kukushitaki hatasema deni. Atasema « abus de confiance » ao « escroquerie ». Hayo ni makosa ya kweli. Lakini lazima aonyeshe kama ulitumia mali yake kinyume cha mapatano, ao ulimudanganya ili akupe. Kuchelewa kulipa peke yake haitoshi.

La tano: « caution ». Ni dhamana, inalipwa kwa grefe, na unapewa risiti. Makuta yenye kuingia mfukoni bila risiti ni rushwa.

Mtu atasema: lakini 6 Mei 2021 état de siège ilianza, na korti ya kijeshi ikapewa kuhukumu raia. Ni kweli. Novemba 2021 wandugu wa LUCHA walikamatwa Beni wakipinga ile état de siège, na Aprili 2022 korti ya kijeshi ikawahukumu mwaka moja ya jela. Kujua maneno hakufungui kila mlango. Lakini kile kifungu cha 61 kinasema hata wakati huo haki ya kujitetea na ya kukata rufaa haiondoshwe. Na kukataza jela juu ya deni, vilevile. Mwenye hajui haki yake hawezi kuiomba.

Mukirudi nyumbani, kila mumoja afundishe mutu moja: mama wa soko, motari, mudogo wako. Maneno tano tu.