"Kama Ilivyopokelewa": Ilipokelewa kwa Nani?



Ndugu zangu, dada zangu, sitawaweka sana maana Magharibi yakaribia.

Kuna maneno tumeyazoea kwenye magrupu ya WhatsApp: "kama ilivyopokelewa". Mtu akishayaandika hayo anaona hana dhima tena. Sasa nauliza, imepokelewa kwa nani? Na huyo naye aliipokea kwa nani? Hapo kimya.

Na sisi tuna elimu nzima iliyojengwa juu ya swali hilo! Wanazuoni wa hadithi, kina Imam Bukhari aliyefariki mwaka 870, walitaka sanad: fulani kasikia kwa fulani, jina kwa jina. Kila jina likachunguzwa. Ni mkweli? Hifadhi yake ikoje? Alikutana kweli na huyo anayedai kumsikia? Kisha wakaangalia na matni, yaani maneno yenyewe. Mnyororo ukikatika, riwaya ni dhaifu, hata maneno yawe matamu vipi. Surat al-Hujurat aya ya 6 mwaijua, inatutaka tuhakikishe habari tusije tukadhuru watu kwa kutojua.

Kabla ya uchaguzi wa 8 Agosti 2017 zilisambaa video mbili, moja ina nembo ya CNN na nyingine ya BBC, zikizungumzia kura za maoni. Zote bandia. Nembo si sanad jamani, nembo yeyote mwenye simu anaibandika. Ukitaka kujua kama BBC wamesema, fungua tovuti ya BBC yenyewe utafute. Dakika moja tu.

Lakini picha ndizo zinazotuponza zaidi. Kijana wetu akichukuliwa na watu wasiojulikana tuna uchungu, tunatuma picha ya kwanza inayotuchoma roho. Sasa ukichanganya picha ya Syria na malalamiko ya Mombasa, umempa afisa sababu ya kutupa faili nzima. Mama mwenye haki yake anaambiwa na yeye ni muongo. Iweke picha kwenye Google Lens uone ilionekana wapi kwanza. Kama ilikuwa mtandaoni 2014, si ya wiki jana, basi.

Tangazo la aliyepotea nalo liwe na tarehe, jina la kituo cha polisi na nambari ya OB. Halafu pigia familia kabla hujalituma. Mengine yanazunguka na mtu karudi nyumbani kitambo, na mamake bado anapigiwa simu usiku wa manane.

Ukiona ile mishale miwili juu ya ujumbe, jua umeshapitishwa mara tano au zaidi kabla haujakufikia. Hata aliyekutumia hajui ulikotoka.

Na tusiwe wakali kwa habari zinazotuudhi tu. Skrinshoti ya mwanasiasa tusiyempenda akisema upuuzi, hiyo tunaiamini papo hapo, hata hatusomi tarehe. Ingia kwenye akaunti yake uangalie. Hukuipata, angalia kama Africa Check au PesaCheck wameishughulikia. Nako hakuna? Iache ilale kwenye simu yako.

Haya, kila mtu atoe simu. Fungua ujumbe wa mwisho uliofowadi leo, tuutafutie sanad yake hapa hapa. Tuanze na wewe ndugu uliyekaa karibu na mlango.