Mmea Hauhesabu Siku: Chagua Mbegu kwa Joto la Shamba Lako

(Mazungumzo ya Afisa wa Habari wa Kaunti na wakulima wa Elgeyo Marakwet)



Msimu wa kupanda ukikaribia, swali moja hurudi barazani: "Mbona mahindi ya ndugu yangu kule bondeni yamekauka tayari kuvunwa na yangu bado yana ndevu mbichi, ilhali tulipanda wiki moja?" Jibu ni kwamba mmea hauhesabu siku kwa kalenda. Unahesabu joto.

Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Sakafu ya Bonde la Kerio iko zaidi ya mita 1,000 chini yake. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa karibu nyuzi 6. Mahindi nayo hukaribia kusimama kukua joto likishuka chini ya nyuzi 10, kwa hiyo kinachoyasukuma ni joto linalozidi hapo. Siku yenye wastani wa nyuzi 24 huyapa nyuzi 14 za kufanyia kazi. Siku ya nyuzi 16 huyapa 6 tu. Siku ni moja, lakini mahindi ya bondeni yametembea zaidi ya mara mbili.

Ndiyo maana mbegu hazifanani. H614 ilitengenezwa kwa ajili ya nyanda za juu na huchukua miezi 6 au zaidi. Katumani ilitengenezwa kwa maeneo makavu na hukomaa mapema zaidi. Ukipanda H614 bondeni, mvua inaweza kuisha kabla punje hazijajaa, na jasho lako limeishia kwenye mabua. Ukipeleka Katumani juu, unaupoteza msimu mrefu ambao ungekupa gunzi kubwa.

Mwanga nao una amri yake. Majani hutambua rangi za mwanga. Mche ukizibwa na wenzake, hupokea mwanga uliokwisha kunyonywa wekundu wake, nao hujua umefunikwa. Hapo hukimbilia kurefuka kuliko kunenepa. Ukiona miche ya kabeji kitaluni imekuwa mirefu, myembamba na inaanguka, usikimbilie mbolea. Ipunguze ipate nafasi, kisha uondoe kivuli kidogo kidogo kabla ya kuihamishia shambani.

Kwa wakulima wa viazi kule Kapcherop na Kapyego, ni vivyo hivyo. Mbegu ya kiazi iliyofungiwa gizani huchipua machipukizi meupe, marefu, yanayokatika ovyo. Ikitandazwa kwenye stoo inayopitisha hewa na mwanga usio wa jua kali, machipukizi huwa mafupi, ya kijani na imara. Lakini kumbukeni: kiazi kilichogeuka kijani ni cha kupanda, si cha kula, kwa sababu kina sumu. Shambani, pandisheni udongo ili viazi vya chakula visipigwe na jua.

Ndugu zangu, kabla ya kufungua mfuko wa pesa, someni pakiti ya mbegu. Imeandikwa inafaa sehemu gani na hukomaa kwa muda gani. Msinunue kwa sababu jirani alivuna vizuri. Ulizeni kwanza shamba lake liko wapi. Penye shaka, muoneni afisa wa kilimo wa wadi yenu.