Mbegu Bora ni Ipi? Mazungumzo na Wanunuzi wa Mbegu za Oti



Wafugaji wa nyanda za juu za Kenya wanaopanda oti kwa malisho ya ng'ombe hupenda kuuliza: ipi ndiyo mbegu inayozishinda zote? Kabla ya kulijibu swali hilo, inafaa tukumbuke yaliyowafika wakulima wa Marekani.

Oti ina adui wa tangu zamani, nao ni ukungu uitwao kutu ya majani. Watafiti wa Marekani walipata kinga dhidi ya kutu hiyo katika aina iitwayo Victoria, iliyotoka Amerika ya Kusini. Waliipandanisha na aina zao, na mbegu zilizozaliwa zikapendwa mno. Kufikia miaka ya 1940, mashamba mengi ya Iowa na majimbo jirani yalikuwa na mbegu zenye majina mbalimbali lakini zenye nasaba moja.

Mwaka 1946 ulitangazwa ugonjwa mpya. Ukungu mwingine ulitoa sumu iliyoangamiza mimea yenye urithi wa Victoria, huku mimea isiyo na urithi huo ikisalimika. Urithi ule ule uliozuia kutu ndio uliofungua mlango kwa sumu, na wataalamu hawakuweza kuyatenganisha mambo hayo mawili.

Wakulima wakahamia mbegu zenye urithi wa aina nyingine, Bond. Haikupita miaka mingi, kutu nayo ikajigeuza na kuishinda kinga hiyo. Ndipo watafiti wa Iowa, mwaka 1968, walipotoa mbegu za mchanganyiko: mimea inayokaribiana kwa kimo na kwa muda wa kukomaa, ila kila kundi likiwa na kinga yake. Ugonjwa ukilishinda kundi moja, mengine huuzuia usienee. Kinga nyingine zilipatikana katika oti mwitu wa nchi za Mediterania, mmea ambao mkulima huuona kuwa gugu tu. Hii ndiyo sababu ya kuhifadhi mbegu za kale na za mwituni katika benki za mbegu.

Basi, mnunuzi afanye nini? Kwanza, nunua mbegu iliyothibitishwa, iliyo katika mfuko usiofunguliwa. Pili, soma lebo: jina la aina, kiwango cha uotaji na tarehe ya kupimwa. Tatu, usitegemee aina moja katika shamba zima. Tena muulize muuzaji au afisa ugani kama aina hizo zimetokana na asili tofauti, kwani tofauti ya majina peke yake si kinga. Nne, hifadhi risiti na lebo hadi baada ya mavuno, kwani bila hivyo ni vigumu kuthibitisha dai lako.

Jibu la swali letu, basi, ni kwamba hakuna mbegu moja inayozishinda zote daima. Anayekuahidi mbegu ya namna hiyo, mwombe akuonyeshe lebo.