TUSINGOJE BENDERA NYEKUNDU
(Maneno yaliyosemwa na mfanya kazi wa njia ya reli mbele ya mkutano wa tawi)

Bwana Mwenyekiti, na ndugu zangu wanachama,

Sisi wa njia, mvua kubwa ikinyesha usiku hatulali. Twatembea na taa tukiangalia tuta na makalvati. Maji yakiwa yamekula kokoto, twasimamisha gari mbali. Bendera nyekundu ikiinuliwa baada ya gari kuanguka, haina faida.

Lakini huko mashambani kwetu, ni nani aangaliaye njia?

Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo katika sehemu kavu za Kenya, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Kwetu Kitui tulikuwa na ng'ombe 9. Ndugu yangu alinipigia simu mapema, akataka kuuza 4 wakiwa wangali wanono. Mimi nikamkataza, nikasema mvua itakuja. Wakafa 7. Kosa lilikuwa langu.

Onyo lilikuwapo. Mamlaka ya Ukame hutoa taarifa kila mwezi katika kaunti 23, ikitaja daraja: kawaida, tahadhari, hatari, dharura. Idara ya Hali ya Hewa nayo hutangaza habari za msimu kabla ya mvua za Machi na za Oktoba. Mwaka 2023 ilisema mapema kwamba mvua ya Oktoba hadi Desemba itazidi kiasi, nayo ikazidi, mafuriko yakaharibu mashamba mengi.

Wengine watasema utabiri hukosea. Ni kweli. Lakini ishara ya hadhari haimwambii dereva kwamba pana shimo. Humwambia apunguze mwendo.

Basi naomba mambo matatu:

1. Karani wa tawi abandike taarifa ya kila msimu ubaoni, kwa Kiswahili.

2. Kila mwanachama apatane na watu wake sasa: ng'ombe gani wauzwe daraja likifika tahadhari, mtama na pojo kiasi gani vipandwe mvua ikiwa chache, nafaka na mifugo vihamishiwe wapi mto ukifurika.

3. Chama kizungumze na mwajiri ili ruhusa ya kwenda kupanda ifuate mvua, isifuate kalenda ya ofisi.

Hili la tatu halitapatikana bila umoja wetu. Mimi bendera nimekwisha kuinua. Kura ni yenu.