Kimashine cha kusikiliza maji
(Maneno tuliyosema kwenye kikao cha wanachama, Kalemie)

Mlituita tuseme juu ya kile kimashine ambacho mfanyabiashara mmoja anataka chama kinunue kwa dola 400. Anasema kinasikiliza maji kwa mawimbi na kutambua kolera. Dola 400 ni nusu ya sanduku lenu, basi tuseme wazi.

Kitu kama hicho kipo kweli duniani. Wanakata kipande chembamba cha kristali, wanachora juu yake meno ya chuma kama vitana viwili vilivyoingiliana, membamba kuliko unywele. Ukitia umeme, kristali inatetemeka, na wimbi dogo sana linakimbia juu ya uso wake. Hata simu zenu ziko na vipande vya namna hiyo, vya kuchuja mawimbi ya mtandao. Halafu wanaweka mfereji wa raba, mdogo mno, wa kupitisha tone la maji ao damu.

Kazi ngumu ni mtego. Lazima kristali ipakwe kitu kinachoshika mikrobe moja tu na kuacha zingine zipite. Ikinaswa, uzito unaongezeka kidogo, wimbi linachelewa, mashine inasoma kule kuchelewa. Pasipo mtego, wimbi halijui kolera wala tope.

Na bado ni kazi ya maabara. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walitumia mawimbi haya kupasua chembe za damu ili watafute malaria. Lakini kipimo walichopeleka Uganda, kwa watoto wa shule wa Mayuge na Apac, kilikuwa cha karatasi ya kukunja! Matokeo ya 2019 yalionyesha kilitambua asilimia 98 ya wenye malaria.

Sasa kile cha hapa. Tulikiazima siku mbili. Tulikitia kwenye maji yaliyochemshwa, namba ikawa ndogo. Tukatia chumvi kidogo, namba ikaruka. Maji ya ziwa yakatoa namba kubwa, maana Tanganyika iko na madini mengi kiasili. Maji ya mvua yaliyolala ndani ya bidoni chafu, yenye harufu, yakatoa namba ndogo kuliko yote. Kwa kimashine, hayo ndiyo mazuri! Kinapima chumvi tu. Mama akikiamini, atawapa watoto yale ya bidoni.

Tulimuuliza muuzaji: ndani, nini kinashika mikrobe? Akasema ni siri ya kiwanda.

Sisi tunaona franga zikae. Ukishatia klori na kungoja nusu saa, kuna kidonge cha kupimia: maji yakigeuka pinki, klori ingali ndani. Alhamisi asubuhi tutakuwa kwenye kituo cha klori, ufukweni. Kila mtu aje na bidoni yake, hata chafu.