Nguo Zisizoshika Moto Upesi



Moto hupika chakula cha kila nyumba, lakini ukishika pindo la kanga hupanda juu mara moja, na mwenye nguo huungua kabla majirani hawajafika. Kwa hiyo yafaa kila mtu ajue tabia ya nguo mbele ya moto.

Pamba huwaka upesi, hasa ikiwa nyepesi. Sufu hushika moto kwa shida, na mara nyingi huzimika ikiondolewa motoni. Nailoni huyeyuka na kugandama katika ngozi. Asiyejua nguo yake ni ya namna gani na achome uzi mmoja juu ya sahani: pamba hunuka kama karatasi iliyoungua, sufu kama nywele, na nailoni hufanya tone gumu.

Mwaka 1821 mtaalamu wa Ufaransa, Joseph Louis Gay-Lussac, alionyesha kwamba kitambaa kikitiwa fosfati ya amonia na boraksi hakitoi mwali. Shabaha ilikuwa kuyalinda mapazia ya majumba ya michezo ya kuigiza. Boraksi ikipata moto huyeyuka, ikazifunika nyuzi kama kioo, hewa isipite. Fosfati huifanya pamba igeuke makaa badala ya kutoa mvuke unaowaka. Ila chumvi hizo hutoka kwa maji. Nguo ikifuliwa, kinga imekwisha, na sharti itiwe dawa tena.

Siku hizi ziko dawa zinazoshikamana na nyuzi hata baada ya kufuliwa. Ziko pia nyuzi ambazo zenyewe haziyeyuki, kama Nomex, iliyotengenezwa na kampuni ya DuPont ya Marekani katika miaka ya 1960. Wazima moto na marubani huzivaa.

Lakini mtu asidanganyike: nguo hizi nazo huungua moto ukizidi. Faida yake ni kumpa mtu nafasi ya kujiokoa.

Asiye na nguo hizo naye ana la kufanya. Mtoto asivalishwe kanzu pana karibu na jiko au koroboi. Nguo ikishika moto, mtu asikimbie, kwani upepo huuchochea. Na alale chini ajiviringishe, au afunikwe blanketi zito la sufu. Kisha jeraha lipozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, na nailoni iliyogandama isibanduliwe. Hiyo ni kazi ya mganga wa hospitali.